Kioo cha Darasa la Pili

Kioo chenyewe kilikuwa kidogo tu, urefu wa kiganja, upana wa vidole viwili. Kilibandikwa ukutani ndani ya darasa la pili, nyuma kabisa, mahali ambapo ufa mwembamba ulipanda kutoka sakafuni, ukipinda huku na huku kama mchwa aliyesahau njia. Ncha moja ya kioo ilishikwa kwa saruji upande huu wa ufa, ncha ya pili upande ule. Juu yake paliandikwa tarehe kwa kukwaruzwa na msumari.

Aliyekibandika alikuwa mtaalamu wa miamba, mwanamke mrefu wa kofia na buti, ambaye watoto walimwita Mama Nyundo kwa sababu ya kinyundo alichoning'iniza kiunoni kama askari na rungu lake. Alikuja siku moja, akabandika, akazungumza na Mwalimu Mkuu ofisini, akaenda zake. Naye Mwalimu Mkuu, mtu wa maneno machache na kazi nyingi, hakumweleza mtu kitu. Kesho yake aliwapanga watoto mstarini akasema, "Kuna kioo darasa la pili. Atakayekivunja atakiona cha mtema kuni. Tumeelewana?"

"Ndiyooo, Mwalimu!"

Nyuma ya mistari, ameegemea mti wa ufagio, alisimama bibi aliyekuwa akifagia shule ile kwa mwaka wa kumi na moja. Watoto walimwita Bibi Ufagio, naye aliitika bila kinyongo, maana kuna majina mabaya kuliko hilo. Maneno ya Mwalimu Mkuu aliyaelewa kuliko watoto wote. Nani mwingine alipita karibu na kila ukuta kila siku akiwa na mti mrefu mkononi? Na kazi ile ndiyo iliyomlea mjukuu wake, binti wa miaka saba aliyesema kuanzia anapofumbua macho mpaka anapoyafumba, hata akaitwa Kasuku. Mama yake Kasuku alikuwa kibaruani mji mwingine, akija mara moja kwa mwaka. Kwa hiyo bibi na mjukuu walikuwa wawili kama ndoo na kamba. Na Kasuku alikuwa darasa la pili, dawati la mbele.

Miezi minne ikapita. Asubuhi moja Bibi Ufagio aliingia kufagia akakuta kioo kimekatika katikati, mkato mwembamba kama unywele.

Akauegemeza ufagio ukutani. Jana yake alikuwa ameondoa utando wa buibui kwenye kona ile ile. Hakukumbuka kukigonga, lakini uzee nao una mambo yake, mtu aweza kugonga kitu asijue. Akatazama mlangoni, hakuna mtu. Akavuta dawati la nyuma likafunika pale.

Sasa, angekuwa mfagiaji mwingine, angelia au angekimbia. Lakini marehemu mume wake, Mungu amrehemu, alikuwa fundi wa madirisha, na kwa miaka ishirini mkewe ndiye aliyemshikia vioo akikata. Kalamu yake ya kukatia vioo bado ilikuwa nyumbani ndani ya kopo, imefungwa kitambaa. Mke wa fundi naye ni nusu fundi. Bibi alipima kile kioo kwa uzi wa kushonea, akafunga fundo kila mwisho, akaenda nyumbani kukata kipande. Jumamosi, shule ikiwa tupu, alikibandika kwa saruji ya kujaza kijiko. Kisha akakaa kitako sakafuni na msumari, akaiga ile tarehe, tarakimu moja baada ya nyingine, ulimi umetoka nje kama alivyofundishwa zamani kwenye madarasa yake manne ya msingi. Alipomaliza alirudi nyuma akatazama. Kama hakijawahi kuguswa! Akacheka peke yake, akasema, "Mzee, ungeniona leo."

Kioo kikavunjika tena. Safari hii ilikuwa wiki Kasuku alipong'oka jino la mbele. Bibi akakibadilisha. Akaacha kutumia ufagio mrefu pembe ile, akawa anapiga magoti na brashi ya mkono kama anayemfuta mtoto uso. Kikavunjika mara ya tatu, siku ya pili tu baada ya shule kufunguliwa. Hapo akaanza kuwashuku watoto, na akaanzia nyumbani kwake, kama mtu mwadilifu anavyotakiwa.

"Kasuku. Kile kioo cha nyuma, ni wewe unayekichezea?"

"Mimi? Bibi, mimi nakaa mbele! Labda yule anayekula chaki. Au anayelala. Kuna mmoja Bibi analala mpaka anakoroma, Mwalimu akamrushia..."

"Basi, basi. Nimeuliza kioo, sikuuliza habari za dunia."

Akakibadilisha mara ya tatu.

Mwezi wa saba tangu abandike kioo, Mama Nyundo alirudi, na safari hii hakuja peke yake. Alikuja na vibarua sita na majembe. Wakachimba handaki pembeni mwa kiwanja cha mpira, refu kama basi, kina cha mtu na nusu.

Hapa niseme kidogo juu ya kiwanja hicho. Kilikuwa na kipandio katikati, kama ngazi moja kubwa iliyopita kutoka upande mmoja wa kijiji hadi mwingine, ikapita chini ya darasa la pili, ikatokea ng'ambo na kupotelea mashambani. Timu iliyoshambulia kuelekea chini ilifunga mabao, iliyoshambulia kuelekea juu ililalamika, wakabadilishana nusu ya pili, mambo yakaenda sawa. Hakuna aliyewahi kuuliza kile kipandio kilitoka wapi. Kilikuwepo, kama mlima unavyokuwepo.

Bibi Ufagio ndiye aliyepewa kazi ya kuwapelekea wachimbaji maji. Siku ya nne alimkuta Mama Nyundo peke yake handakini. Ukuta wa udongo ulikuwa umekwanguliwa ukawa laini kama umepigwa plasta, umepigiliwa misumari na kufungwa nyuzi mpaka ukawa miraba miraba kama daftari la hesabu. Mama Nyundo alikuwa amebana macho, anang'oa kitu cheusi kwa kibanio, kile cha kung'olea nyusi.

"Mwanangu, unamng'oa nyusi nani humo?" Bibi akauliza kutoka juu.

Mama Nyundo akacheka. "Ardhi, Bibi. Huu ni mkaa. Moto uliowaka hapa kabla babu ya babu yako hajazaliwa. Tukiupima tunajua udongo huu una umri gani. Shuka uone."

Bibi akashuka ngazi, ndoo mkononi.

"Unaona huu mstari mweusi? Ufuate kwa kidole."

Bibi akaufuata. Ulikuja vizuri, umelala, kisha ghafla ukakatika. Akautafuta. Akaukuta chini, kwenye usawa wa goti lake, ukiendelea na safari kama hakuna lililotokea.

"Umeanguka," Bibi akasema.

"Umeanguka. Siku moja, kwa tetemeko la muda wa kupiga chafya mbili, upande huu wote ulishuka hivi. Shamba, miti, kila kitu. Na si mara moja. Ukiangalia chini zaidi utaona umeshuka mara tatu."

"Kukiwa na nyumba juu yake?"

Mama Nyundo akafuta kibanio kwenye suruali. "Wakati huo hapakuwa na nyumba."

"Na itashuka tena?"

"Itashuka."

"Lini?"

"Bibi, hilo ndilo kila mtu ananiuliza, na hilo ndilo sina. Naweza kukwambia hukaa miaka mia nne, mia sita, halafu huruka. Mara ya mwisho ni zamani sana. Kwa hiyo inaweza kuwa baada ya mjukuu wako kuzaa na kuzika. Inaweza kuwa kabla hujapanda ngazi hiyo."

Bibi akaitazama ngazi. Akaipanda haraka kuliko alivyoshuka.

Siku iliyofuata, saa ya mapumziko, Bibi alikuwa anapiga deki darasa la pili Mama Nyundo alipoingia na Mwalimu Mkuu. Mama Nyundo alichuchumaa mbele ya kioo, akakimulika kwa tochi, akapitisha ukucha juu yake.

"Kizima," akasema, na uso wake ukafunguka. "Mwalimu, hii ndiyo habari nzuri ya kwanza tangu nije. Huko nje nimepata kwamba ufa huu huruka. Nilichoogopa ni kwamba umeanza kusogea sasa hivi, taratibu, chini ya darasa hili. Ungekuwa umesogea hata unene wa ukucha, kioo hiki kingekatika. Kingekatika ningelifunga darasa siku hiyo hiyo. Miezi saba, kizima! Naandika watoto waendelee."

"Alhamdulillahi," akasema Mwalimu Mkuu, akapangusa jasho.

Tambara la deki likamtoka Bibi Ufagio likaanguka ndooni, maji yakamrukia Mwalimu Mkuu kwenye viatu.

"Angalia, Bibi!"

"Nisamehe, Mwalimu."

Akainama kulitoa tambara. Alitaka kusema la kioo, lakini walikuwa wameshageuka. Akawaona wakitoka. Kupitia dirishani alimwona Kasuku uwanjani akiteleza kwa matako kwenye kile kipandio, na wenzake wanamfuata, wakifika chini wanakimbia juu kuteleza tena.

Mficha uchi hazai, Bibi akajiambia, na mimi nimeficha mara tatu. Akauacha ufagio ukiwa umelala sakafuni, jambo ambalo hakuwahi kulifanya, akaenda handakini.

Alisema yote amesimama ukingoni, kwa sababu akikaa hangeweza kusimama. Uzi wa kushonea, kalamu ya marehemu, saruji ya kijiko, tarehe. Mama Nyundo alimsikiliza bila kumkatiza. Bibi alitarajia matusi, na matusi yangemfaa. Mama Nyundo aliuliza tu, kwa sauti ndogo, "Mara ngapi?"

"Tatu, mwanangu."

"Vile vya zamani viko wapi? Vilivyovunjika?"

"Nilivitupa chooni. Niliogopa vionekane."

Mama Nyundo akavua kofia, akaivaa tena. Wakaenda wote darasani. Akatoa kioo chake cha kukuzia, akaisogelea ile tarehe mpaka pua ikagusa ukuta.

"Hii saba ina mkato kiunoni," akasema.

"Ndivyo tulivyofundishwa. Saba bila mkato, mwalimu wetu alikuwa akituchapa. Alisema itachukuliwa kuwa moja."

"Mimi saba yangu siikati." Akakaa kitako palepale Bibi alipokaa siku ile. "Nimeiangalia leo kwa tochi. Nimeiangalia nikafurahi. Sikuiona saba."

 Kisha Mama Nyundo akafungua daftari. "Nipe siku. Zote unazokumbuka."

Bibi akampa alizo nazo: utando wa buibui, jino la Kasuku, siku ya pili ya muhula. Mama Nyundo aliandika kila neno kama vile anaandika vipimo.

Mwalimu Mkuu alipoambiwa aliviangalia viatu vyake, ambavyo bado vilikuwa na maji.

"Bibi, umenifanyaje? Si ungesema?"

"Nawe Mwalimu, si ungesema?"

 Barua ya kwanza ilikuwa tayari imekwenda kwa simu, ile iliyosema kizima. Mama Nyundo akaandika ya pili, ndefu, akaipeleka mwenyewe. Kabla ya kuondoka alimshika Bibi mikono yote miwili. "Nitapigana, Bibi. Lakini nakwambia ukweli. Ningekuwa na vile vipande vitatu, ningewawekea mezani. Sasa nina saba yenye mkato, inayosema kioo kilibadilishwa. Haisemi kwa nini."

Wiki tano zikapita. Handaki likafukiwa, maana sheria ilitaka lifukiwe, na watoto wakarudi kuteleza. Mwalimu Mkuu naye hakulala, tusimwonee. Alitafuta pa kuwahamishia watoto arobaini na nane. Stoo iliwatosha kumi na tano waliosimama. Madarasa mengine matano yalikuwa yamejaa hadi madirishani. Akawaita wazazi. Mzazi mmoja akasimama akasema, "Mwalimu, tumezaliwa hapa, na babu zetu wamezaliwa hapa. Kioo cha kiganja ndicho kituhamishe?" Watu wakacheka. Bibi Ufagio akainua mkono, akasema aliyoyaona kwa kidole chake kwenye udongo. Wakamsikiliza kwa heshima, kama mkubwa anavyosikilizwa, halafu wakaendelea na ajenda ya pili, ambayo ilikuwa sare za shule.

Jibu la ofisi likaja, karatasi moja. Mwalimu Mkuu alimsomea Bibi barazani: maelezo ya mdomo ya mfanyakazi wa usafi hayawezi kuingizwa katika vipimo, kibandikwe kioo kipya, kiangaliwe kwa miezi kumi na miwili, kikivunjika taarifa itolewe kwa maandishi, wakati huo masomo yaendelee.

"Na Mama Nyundo?"

"Wamempeleka kupima ufa mwingine. Mbali." Akakunja barua. "Bibi, wewe ndiye utakayekiangalia. Kila asubuhi."

Kwa hiyo aliyekiharibu ndiye aliyepewa kukilinda. Dunia ina mizaha yake. Wahenga wametuachia kwamba usipoziba ufa utajenga ukuta, na Bibi alikuwa ameziba, kwa mkono wake, kwa ufundi mzuri. Wahenga hawakusema ufa ukitoka chini ya ardhi unazibwa na nini.

Alianza kuamka mapema. Akifika shuleni hakufagia kwanza. Alikwenda pembe ile, akachuchumaa, magoti yakilia, akakitazama kile kioo kipya alichobandika Mwalimu Mkuu, chenye saba isiyokatwa. Kizima. Kesho yake, kizima. Akagundua jambo jingine, kwamba mlango wa darasa ulifungukia ndani. Watoto arobaini na nane wakiusukuma kwa pamoja wangeufunga wao wenyewe. Akamwomba fundi seremala augeuze, fundi akasema mali ya shule haiguswi bila kibali. Basi Bibi akatafuta jiwe, akawa analiweka mlangoni kila asubuhi ukae wazi. Mwalimu wa darasa, mwanamke kijana asiyependa vumbi, alilisukuma kwa mguu kila asubuhi akafunga. Bibi akilirudisha, analisukuma.

"Bibi, upepo unarusha makaratasi yangu!"

"Najua, mwanangu. Nivumilie."

Mwezi wa pili wa kukilinda kioo, siku ya mvua, ile mvua inayoanza alfajiri kana kwamba imeajiriwa, Bibi aliingia, akachuchumaa, akaona mkato mwembamba kama unywele.

Hakushtuka. Alikigusa kwa ncha ya kidole kuhakikisha si kivuli. Ncha mbili za mkato hazikukutana sawasawa tena. Upande mmoja ulikuwa umeshuka kidogo, unene wa ukucha. Alijua ungeshuka upande gani hata kabla ya kuangalia.

Akamwendea Mwalimu Mkuu mvuani bila mwavuli. Mwalimu Mkuu akaja, akaona, akatoa simu. Ya Mama Nyundo haikupatikana. Akapiga tena, haikupatikana. Akapiga ofisini, akaongea, akasikiliza, akasema "ndiyo, ndiyo, naelewa," akakata.

"Wanasemaje?"

"Niandike barua."

"Na watoto?"

Mwalimu Mkuu akatazama nje. Kiwanja kilikuwa ziwa. Miti ilikuwa inamwaga maji kuliko mawingu. Baraza lilikuwa chini ya paa lile lile, juu ya kipandio kile kile. Watoto walikuwa tayari wanaingia, wamelowa, wanajikung'uta kama vifaranga.

"Mvua ikikatika tutawatoa, Bibi. Naandika sasa hivi. Mvua ikikatika tu." Akaenda ofisini, nusu anakimbia.

Kasuku alikuwa amekaa dawati la mbele, anamweleza jirani yake kitu kirefu. Bibi akamshika mkono. "Inuka twende."

"Wapi?"

"Nyumbani."

"Naumwa?"

"Inuka, nimesema."

Kasuku akainuka, akachukua daftari lake. Walipofika mlangoni akasimama. "Bibi, na hawa wengine?"

Bibi Ufagio akageuka. Darasa zima lilikuwa limeinua vichwa, likimtazama. Yule anayekula chaki alikuwa na ndevu nyeupe. Yule anayelala alikuwa macho. Walimtazama kama watoto wanavyomtazama mkubwa aliyesimama na ufagio, wakingoja waambiwe wasogeze miguu. Arobaini na saba. Na mikono yake ilikuwa miwili, na nyumba yake, alipoifikiria, nayo ilikuwa juu ya mstari ule ule, hatua mia tatu tu upande wa mashambani.

Akamwachia Kasuku mkono. "Rudi ukakae," akasema. "Lakini ukae hapa, dawati la mlangoni. Badilishana na huyu."

"Kwa nini?"

"Kwa sababu nimesema."

Mwalimu kijana akaingia akikausha uso kwa leso. Akalikuta jiwe mlangoni, akainua mguu alisukume, kisha akamwona Bibi amekaa sakafuni kando ya mlango, mgongo ukutani, miguu ameinyoosha ikiushikilia mlango wazi, mvua inampiga kwenye visigino.  Akaangalia alikokuwa anaangalia Bibi, kule nyuma, pembeni, kwenye kioo. Mguu akaushusha polepole.

"Jedwali la saba," akawaambia watoto. "Wote. Moja mara saba?"

"Saba!" wakaitika, na Kasuku aliwashinda wote kwa kelele.

Bibi Ufagio hakuondoa macho kwenye kioo. Nje mvua haikukatika.